Pua na Mapipa Yake

Hakuna pipa lililovunjwa katika ua ule kabla Pua hajalisalimia. Ndivyo mdogo wake, fundi wa kuyavunja, alivyopenda kuwaambia wateja: "Subirini kwanza, kaka yuko kwenye salamu." Pua alipiga magoti, akachomoa kizibo, akainamisha uso kwenye tundu na kufumba macho. Redio ilipunguzwa sauti. Kisha alisema, bila haraka, kama mtu anayemtaja jamaa yake wa siku nyingi: "Wiski. Tena iliyolala humu muda mrefu." Au: "Mvinyo mwekundu. Huu tuwawekee samaki." Hapo ndipo fundi aliponyanyua nyundo, akazigonga pete za chuma mpaka zikachomoka, na mbao za mwaloni zikaanguka kila moja upande wake.

Ilikuwa kazi ya nyumba nzima. Dereva wa lori alileta mapipa makuukuu kutoka popote alipoyakuta. Fundi aliyavunja na kuzipasua mbao. Binti yake Pua, mtu mzima aliyeacha kazi ya dukani ili arudi nyumbani, alishinda katika chumba cha moshi, ambamo nyama na samaki walining'inia kwenye kulabu juu ya moto usioruhusiwa kuwaka, bali kufuka tu. Mkewe Pua aliuza kwenye dirisha la mbele. Wateja walitoka mbali. Hata walioapa kutotia pombe kinywani walinunua, wakidai moshi haulewishi, na aliyetaka kubishana nao aliambiwa asiwacheleweshe wenzake kwenye foleni.

Mwaka uliopita Pua aliugua mafua, yale ya kumlaza mtu chali. Mafua yakaondoka, na yalipoondoka yakachukua pua yake. Alisubiri irudi. Alinusa kitunguu, akanusa sabuni, akajifungia chooni na kunusa viatu vyake mwenyewe, ambavyo mkewe alikuwa akivilalamikia tangu waoane. Hakusikia chochote. Chakula nacho kikawa kama kutafuna karatasi.

Mtu mwingine angesema. Angelalamika kwa mkewe, angepelekwa hospitali, watu wangempa pole na maisha yangeendelea. Lakini huyu jina lake halisi lilikuwa limesahauliwa hata na shemeji zake. Kila mtu alimjua kwa pua, na pua ilikuwa imekufa. Aliona haya, haya ya kumtoa mtu jasho akiwa peke yake, akapiga kimya.

Akajifunza ujanja. Mapipa ya wiski huchomwa kwa ndani kabla ya kutiwa wiski, kwa hiyo ubao wake ni mweusi kama sufuria ya kuni. Ya mvinyo yana doa jekundu lililozama kwenye mti. Pua aliinamisha uso kama kawaida, ila sasa jicho moja lilibaki wazi, likichungulia rangi tundu linapoingiza mwanga. Mweusi, wiski. Mwekundu, mvinyo. Hakukosea hata mara moja, na watu wakazidi kumsifu.

Lilibaki jambo la kuonja. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba kipande cha kwanza cha kila moshi kiliwe na Pua mwenyewe, na kisiuzwe kitu mpaka aitikie kwa kichwa. Ulimi uliokufa haukuweza kazi hiyo. Basi siku moja alimwita binti yake mbele ya wote, akamkabidhi kisu. "Umekua," akamwambia. "Kuanzia leo kipande cha kwanza ni chako. Nakurithisha kungali mapema." Binti alikipokea kisu kwa mikono miwili, macho yakamlengalenga. Mama yake aliyatazama hayo kutoka dirishani, kisha akageuka akaendelea kukata nyama. Ni aibu kulisema, lakini lisemwe: mzee yule alimfanya mwanawe ulimi wake, akauita urithi.

Asubuhi ambayo mambo yalikwenda mrama, ua ulikuwa umejaa. Mwenye hoteli alikuwa amekuja mwenyewe, shati limepigwa pasi, kujionea nyama ya harusi aliyoiagiza. Dereva akashusha pipa moja.

"Hili nimelikuta nyuma ya karakana ya maseremala," alisema. "Wenyewe wamefunga, wamehama. Zima kabisa, halina hata ufa."

Pua wa zamani angeshtuka kusikia hivyo. Angeuliza maseremala wanatunza nini kwenye pipa. Pua wa sasa alikuwa anatazamwa na mwenye hoteli. Alipiga magoti, akachungulia, akaona weusi.

"Wiski," akasema. "Twende."

Fundi hakunusa lolote, maana pua yake ilikuwa imezibwa na ugoro tangu ujana. Alivunja, akapasua, akabeba mbao ndani.

Haukupita muda binti akatoka chumba cha moshi, kitambaa cha kichwa amekishusha kikamfunika mdomo na pua. Alimkaribia baba yake, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, njoo kidogo."

"Sema tu hapa."

Akasita. "Moshi huu si wa wiski, baba. Unakaba. Unanuka kama dawa."

Hakuna aliyekuwa akizungumza wakati ule, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mwenye hoteli aligeuza shingo. Masikio ya Pua yakapata moto. Angeweza kusema ngoja nione. Angeweza kuingia mle ndani, akauzima moto, akadai mbao ni mbichi. Badala yake alicheka, akawageukia watu.

"Jamani, nani ana pua hapa?"

Ua wote ukaangua kicheko, na mwenye hoteli akacheka kuliko wote, akimpigapiga fundi begani.

"Pipa la siku nyingi moshi wake wa kwanza hukaba," Pua aliendelea, sasa kwa sauti ya mwalimu. "Rudi ndani, ufunge mlango, moshi usipotee bure."

Binti alimtazama. Hakukasirika. Alimtazama kama anayemwangalia mtu mgonjwa akijaribu kunyanyuka mwenyewe, na anajua akimshika mkono atamuudhi.

"Haya, baba," akasema, akarudi ndani na kufunga mlango.

Saa zilikwenda. Nyama ilipotolewa ilikuwa na rangi nzuri, kahawia iliyoiva, na watu wakaisogelea. Binti alikata kipande cha kwanza. Jasho lilimshuka mpaka kwenye nyusi. Alikitia kinywani, akatafuna polepole. Mahali pa kutema palikuwepo, ndoo ilikuwa miguuni pake. Lakini baba yake alikuwa anamtazama, na mwenye hoteli alikuwa anamtazama baba yake. Akameza.

"Vipi?" aliuliza mwenye hoteli.

"Haijakaa sawa," alisema binti. "Kosa langu, niliacha moto ukawaka. Isiuzwe leo. Wala asile mtu."

Mwenye hoteli akasonya, akaenda zake kwenye gari. Pua alikunja uso, akaanza kumwambia mwanawe kwamba amemwaibisha mbele ya mgeni. Hakumaliza. Binti alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mate yanamtoka bila kuyazuia, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano.

Walimkimbiza hospitali kwa lori la dereva yuleyule. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya haraka, aliuliza huku akimsikiliza mgonjwa kifua. Amekula nini? Nyama. Amevuta nini? Moshi. Moshi wa nini?

"Mbao za pipa la wiski," alisema fundi.

"Ulikuwa unanukaje? Mniambie vizuri. Kama kulikuwa na harufu ya dawa yoyote, ya wadudu, ya rangi, nahitaji kujua sasa hivi. Tiba zake hazifanani."

Fundi alimwelekeza kaka yake kwa mkono mzima, kwa fahari, hata pale penye kitanda cha mwana wa kaka yake. "Muulize huyu. Huyu ndiye Pua. Hajawahi kukosea."

Pua alifungua mdomo. Aliyakumbuka maneno ya binti, unanuka kama dawa, yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini kuyasema kulikuwa ni kusema kwamba aliambiwa akacheka, na kwamba yeye mwenyewe hakusikia kitu, na kwamba hasikii kitu tangu mwaka jana. Mdogo wake alikuwa anasubiri. Dereva alikuwa mlangoni.

"Wiski," akasema. "Ilikuwa wiski tu."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Wakamtibu binti kama mtu aliyezidiwa na moshi, wakamvika kifaa cha hewa, wakamtundikia chupa ya maji. Pua alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Akajiambia watoto wa siku hizi wana vifua vyepesi. Alijiambia hivyo mara nyingi.

Mkewe alikuwa amekwenda sokoni kununua chumvi. Alifika mbio, kapu bado mkononi, akamwona mwanawe anavyorukaruka misuli chini ya shuka. Akamuuliza daktari ni nini.

"Moshi, mama. Baba yake anasema ilikuwa harufu ya wiski tu."

Mama akageuka. "Baba yake hasikii harufu," alisema, wazi, kama anayetaja siku ya juma. "Tangu mafua ya mwaka jana. Mwambie daktari, mume wangu."

Pua alitazama sakafu.

"Ulijua?" akauliza.

"Panya alikufa nyuma ya kabati. Nyumba nzima haikaliki. Wewe ukakaa palepale, ukala sahani yako, ukaomba kuongezwa. Mimi na mwanao tukatazamana." Sauti ilimkatika, akaikaza. "Nilitaka nikwambie. Yeye ndiye aliyenizuia. Alisema, mama, tumstahi baba, hana kingine isipokuwa hilo jina. Alisema, nitakuwa pua yake mimi, wala hatajua."

Daktari hakungoja yaishe. Fundi alishatoka mbio. Aliporudi na kipande cha ubao ndani ya mfuko, muuguzi aliufungua, akaunusa, akarudisha kichwa nyuma kwa nguvu. "Dawa ya mchwa," alisema. "Wamelowekea nguzo humu." Wakabadilisha sindano, wakafanya haraka, wakaitana kwa sauti. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Tungejua tulipoanza," akaendelea na kazi.

Jua lilikuwa halijazama binti alipokata roho.

Baada ya mazishi, jamaa walipokwisha kutawanyika, mkewe Pua alikaa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe na mfuko wa vitu vilivyotoka hospitali. Alitoa kitambaa cha kichwa, kile ambacho binti alijifunika nacho usoni, akakileta puani na kukaa nacho hivyo. Pua alisimama mlangoni. Hakuthubutu kuingia.

"Kinanuka nini?" akauliza.

Alikuwa hajawahi kumuuliza mtu swali hilo maishani mwake. Mkewe alimwangalia, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akifikiria kumnyima.

"Moshi," alisema. "Na ile dawa. Halafu kwa chini kabisa, yupo yeye."

Akamnyooshea. Pua aliingia, akakipokea kwa mikono miwili, akakifunika usoni, akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, mpaka kifua kikamuuma na mkewe akamwambia basi, baba, basi. Hakupata kitu.