Neno la Mtia Kabari

"Imekaa?" nyapara aliuliza mara ya pili.

Mtia kabari alikuwa amechuchumaa kwenye mteremko wa ghala, nyuma ya mashine ya kuchapia: tani mbili za chuma juu ya mabomba matatu, na wanaume watano wameiegemea kwa mabega wakisubiri neno lake. Kazi yake ilikuwa kusukuma kabari ya mti nyuma ya bomba la mwisho, kuipiga kisigino mara mbili, kisha kusema, "Imekaa." Hapo ndipo mabega hupumzika.

"Umepatwa na ububu?" mmoja alifoka. "Hili lichuma si mke wangu, nitalikumbatia mpaka lini?"

Wenzake wakacheka kwa pumzi za kuazima.

Miezi minne nyuma, papa hapa, alilisema neno bila kupiga kisigino. Kabari ilikuwa na mafuta, naye alikuwa na haraka ya kwenda kula. Mabega yakaachia. Mashine ikarudi, ikampata mguuni shemeji yake, kaka wa mkewe. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa muwa ukivunjwa gotini, na tangu hapo hauachi kumfuata: mkewe akivunja kuni, yeye hutoka nje.

Shemeji aliwaambia watu wote kwamba aliteleza. Jana mtia kabari alimkuta kitandani, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti.

"Shemeji, siku ile kabari…"

"Niliteleza."

"Lakini sikui…"

"Dada yangu bado anakula na wewe sahani moja. Niliteleza. Basi."

Sasa alipiga kisigino. Mara moja. Mara mbili. Kabari haikutikisika.

"Shemeji hakuteleza," alisema. "Ni mimi. Sikuipiga kisigino."

Aliyekuwa akitania, jasho lilimtiririka kutoka kiwikoni likadondoka sakafuni, wala hakuweza kulifuta.

"Na leo?" nyapara aliuliza polepole.

"Leo nimeipiga. Imekaa."

Hakuna aliyeachia. Mishipa iliwatoka shingoni, macho yote kwake. Ndipo alipoketi chini, akaunyosha mguu wake nyuma ya kabari, pale pale mashine ingepita.

"Imekaa," alirudia.

Bega la kwanza likaanza kulegea.