Njia ya Kuingia Kibanjani

"Watoto wangapi, mama?" wakili aliuliza.

"Watatu," alisema Joanitha. Kisha akajirekebisha. "Wawili. Mmoja yuko kibanjani."

Wakili Edgar akaacha kuandika. Alikuwa kijana wa Kyerwa hukuhuku, na alijua kwamba mama akisema hivyo kwa sauti ile, hamaanishi mtoto aliyekwenda kukata majani ya migomba. Anamaanisha kaburi, pale kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Akampa pole. Joanitha akaitikia huku akitazama viatu vyake, vilivyojaa vumbi la kutoka Nyaishozi.

Haikuwa rahisi kumpata wakili huyu. Pale Rubwera alikuwa ameelekezwa kwanza kwa mzee mmoja mwenye meza kwenye baraza la duka, aliyejiita wakili na kumwahidi talaka kabla ya Ijumaa. Joanitha hakusoma sana, lakini mtu anayekuahidi talaka kabla hajakuuliza hata jina la mumeo ni wa kumkimbia. Mama muuza chai ndiye aliyemwonyesha ofisi ya Edgar. "Huyo anauliza maswali mpaka unachoka," alisema. "Nenda kwake."

Na kweli aliuliza. Ndoa ilifungwa wapi? Kanisani, Walutheri wa Kibingo. Wanaishi pamoja? Hapana, miaka miwili sasa amenoba, amerudi kwa kaka yake Nyaishozi bila talaka, tangu mumewe Kaijage alipomwingiza mwanamke mwingine, Xaveria, ndani kama mtu aliyenunua kiti kipya. Wala hakumpiga, wala hakumfukuza. Alimsogeza tu.

Joanitha naye akatoa yake. Ndoa ya kanisani, mahakama inaiweza? Inaiweza, kanisa litabaki na utaratibu wake. Na mbuzi wa mahari? Baba yake alishafariki, na mbuzi wenyewe walishaliwa. Edgar akatabasamu, akasema mahakama haitamdai mbuzi. Shamba je? Ardhi ya ukoo ina mambo yake, lakini kahawa waliyopanda wote wawili na nyumba waliyoiezeka pamoja vinahesabika, hata jasho lake la jikoni linahesabika. Ila kwanza waende baraza la usuluhishi la kata. Likishindwa kuwapatanisha litatoa hati, na hapo ndipo shauri linaingia mahakamani.

"Kuna lingine, mama?"

Lilikuwepo, na ndilo lililomkalisha kwa kaka yake miaka yote miwili bila kumtafuta wakili.

"Mwanamke aliyenoba bado ni mwenye nyumba," alisema. "Naingia, napunguza majani makavu, natandaza nyasi pale kwa mwanangu, natoka. Hakuna wa kuniuliza. Lakini nikishaachika, kwetu sisi mguu wangu haukanyagi tena kibanja kile. Sasa wewe niambie. Hiyo karatasi yako itanifungia njia?"

Edgar alifungua kwanza kitabu chake cha sheria akatafuta, na Joanitha akampendea hilo.

"Talaka yenyewe haifungi njia ya kaburi, mama. Wala haiifungui. Mkikubaliana, tutayaandika na kuyapeleka mahakamani pamoja na mengine. Lakini inabidi umwombe mwenyewe, mbele ya baraza. Kule mawakili hatuingii."

Siku ya baraza Kaijage alikuja na shati lake la kanisani, kofia ameiweka magotini. Mwenyekiti akawauliza kama wanaweza kurudiana. Joanitha akasema hapana, taratibu, bila hasira. Bado alimpenda kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichomuuma. Kisha akaomba njia yake. Alikuwa amejiandaa kueleza kwa kirefu. Yakatoka maneno machache tu: aruhusiwe kufika kwa mwanawe.

Kaijage alimgeukia mwenyekiti.

"Mama Projest aje," akasema, akimwita Joanitha kwa jina la mtoto wao mkubwa. "Aje siku yoyote. Mimi pale siwezi kufika. Tangu tumzike, siwezi." Akaivaa kofia yake humohumo ndani, akaivuta mpaka machoni. Joanitha alitamani kumshika bega. Hakumshika, kwa sababu wametoka kukubaliana kuachana.

Jumamosi yake akaenda Kibingo na muhoro wake wa kukatia majani. Hakuzunguka nyuma kama alivyozoea, alipita mbele ya nyumba. Kule kwenye migomba akamkuta Xaveria amesimama kando ya kaburi na mzigo wa nyasi kichwani, mimba imeshakuwa kubwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Lilitoka kwa shida, lakini lilitoka.

"Sikuja kukuzuia," Xaveria akasema haraka. "Wewe ukiondoka huwa napalilia mimi. Magugu ya hapa hayasubiri mtu." Akaushika vizuri mzigo kichwani. "Nataka kukuuliza kitu, usikasirike. Baba Projest hajawahi kulitaja jina lake. Napita hapa kila asubuhi, na sijui namsalimia nani."

Joanitha akaegemea mgomba. Hakuna aliyekuwa amemuuliza jina hilo kwa muda mrefu sana. Wote waliokuwa wakilijua walikuwa wakilikwepa, wakidhani wanamhurumia.

"Ainembabazi," akasema.

"Ainembabazi," Xaveria akalirudia, akilielekeza chini kwenye udongo. "Alikuwaje?"

"Mchoyo," Joanitha akasema, na akajikuta anacheka, machozi yakimtoka. "Mchoyo wa senene za kukaanga. Alikuwa anazificha mfukoni, mpaka sare ya shule inanuka."

Xaveria akautua mzigo wa nyasi, akaketi juu yake, akamwachia nafasi pembeni.