Masta ya Breki ya Mbele

Adolf aliondoka nyumbani Mbinga Jumamosi moja ya mavuno ya kahawa, akiendesha pikipiki kuukuu aliyoachiwa na mapadri. Kwenye mteremko wa kushukia ziwani ikamshinda, akaingia nayo korongoni. Waliouleta mwili wake walisema breki zilikatika. Mkewe, Beata, hakuuliza zaidi.

Mvua zilipokwisha, binti yao Jacqueline, muuguzi aliyepangiwa Liuli, kule ziwani, alitaka pikipiki ya baba yake itengenezwe aende nayo kazini. Beata alimsindikiza kwa fundi Hyasinti shingo upande.

Hyasinti alifungua masta, kile kikopo cha mafuta ya breki kinachokaa kwenye usukani. Kikavu. Akaufuata mpira wa mafuta hadi kwenye gurudumu, akauchomoa. Mdomoni mwa mpira kulikuwa na kijiti cha mti wa mbuni, kimechongwa vizuri.

"Nani kaweka hiki?" Jacqueline aliuliza.

"Wengi huku milimani wanaziba breki ya mbele, dada. Wanasema ya mbele inabinua mtu. Basi wanashuka na ya mguu peke yake, inapata moto mpaka inakataa."

Beata aliketi juu ya tairi. Alimkumbuka Adolf akiingia jikoni, kisu mkononi, akicheka: "Ya mbele nimeiua, mama Jacqueline. Sasa hatupinduki." Naye alifurahi, akammiminia chai.

"Mama?" Jacqueline alimwita.

"Usiifunge," Beata alimwambia fundi. "Pikipiki ibaki hapa hapa."

"Na nikipanda bodaboda iliyozibwa je?" Jacqueline alisema.

Beata alikitazama kile kijiti. Kisha akamwashiria fundi aendelee.

Hyasinti akaweka masta mbili mezani. "Ya zamani imeliwa na kutu. Ipo hii kubwa, ilitoka kwenye pikipiki yenye diski mbili za breki. Na hii ndogo, ya bodaboda."

"Kubwa si ndiyo imara?" Beata aliuliza polepole.

"Mama, unachagua breki au sufuria? Hapa diski ni moja. Kubwa itakuwa ngumu, binti atachoka mkono kabla hajaliona ziwa. Ndogo inakamata kwa vidole viwili."

"Funga ndogo."

Ilipofungwa, ikajazwa mafuta na kutolewa upepo, Beata aliibana breki mwenyewe huku Jacqueline akisukuma pikipiki. Gurudumu likagoma. Akabana tena, na tena.

"Utaimaliza kabla haijasafiri, mama," Hyasinti alisema.

Beata hakuiachia.

Sasa Jacqueline anashuka nayo Liuli kila Jumatatu, na breki zote mbili zinafanya kazi.