Posa ya Muhiddin Simai

Shemeji yangu, aitwaye Mkubwa, alimnyima mwanawe mume kwa sababu ya jina. Mume mwenyewe hakuwa na ila. Jina ndilo lililokuwa na wenyewe wengi, na wote wakijulikana.

Aliyeposa alikuwa Muhiddin Simai, mchonga milango. Mwaka ule wa hamsini na nane, mwenye nyumba Mji Mkongwe akitaka mlango wa kujivunia, alimwita yeye. Kwao ni Makunduchi. Binti, Kidawa, alimwona akitia mlango nyumba ya jirani akamridhia. Mama yake, Mwanapili, ambaye ni dada yangu, aliridhia pia. Ikabaki Mkubwa kuulizia, kama ilivyo ada.

Kuulizia kwetu kuna adabu zake. Baba wa mwari haendi kumtazama mposaji. Ataonekana anamnadi mwanawe. Wala hasemi kwa nini anauliza. Anakaa barazani, anaagiza kahawa, analitupa jina katikati ya maneno mengine, kisha anasikiliza.

Mkubwa, muuza kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, huko Mlandege, alilitupa kwanza Darajani.

"Muhiddin Simai? Golikipa yule! Ana mikono kama makasia."

Akafurahi. Malindi akaambiwa Muhiddin Simai ndiye anayepanda majukwaani kukitukana chama chake Mkubwa. Akanuna. Kikwajuni akaambiwa ni mpiga fidla hodari, kila harusi anayopiga anatoka na mchumba, na talaka anazitoa kama salamu.

Akaja kwangu jasho linamtoka. "Shemeji, huyu mtu ana nyuso tatu."

"Pengine ni watu watatu."

"Wote warefu? Wote wa Kusini? Wewe wamekupa nini?"

"Wamenipa nini! Nenda Mkunazini ukamwone anavyochonga."

"Mimi? Nkamchungulie mume wa mwanangu kama mnunuzi wa mbuzi? Na hiyo patasi ndo kificho chake. Mchana anachonga, jioni anatutukana."

Zama zile watu wakisusiana maduka, wakisusiana hata maziko, kwa ajili ya chama. Kwa hiyo sikumlaumu kwa kushuku. Nilimlaumu kwa kupenda kushuku.

Siku ya majibu wakaja wazee wawili kutoka Makunduchi. Aliyewaongoza alikuwa ami yake mposaji, Mzee Mwalim. Hilo ni jina lake tu, hakupata kumsomesha mtu. Kahawa ikaletwa. Mkubwa hakungoja ipoe.

"Kwanza kijana wenu aache goli, aache jukwaa, aache fidla. Halafu atwambie keshaacha wake wangapi."

Mzee Mwalim alicheka mpaka kofia ikamteleza. "Mwanangu, hao ni watu mbalimbali! Kusini kulikuwa na shekhe wetu, Shekhe Muhiddin. Mwaka aliokufa, kila aliyejifungua mwanamume alimpa jina lake. Na Simai kwetu, ukimwita mmoja wanageuka kumi. Wetu hata mluzi hajui kupiga, itakuwa fidla?"

Nyuma ya pazia nilimsikia Mwanapili naye anacheka. Nikaona yamekwisha.

"Ndo kusema wako wanne?" akasema Mkubwa. "Mbona siku ya posa hamkunambia?"

"Ungeuliza tungekwambia."

"Basi nileteeni wote wanne hapa barazani, wasimame pamoja. Au uletwe msahafu, uape."

Kicheko kikakatika. Mtu haapizwi kwenye posa. Wanaoposana wanataka kuaminiana. Ukimtaka mzee kiapo umeshamwita mwongo mbele za watu. Nikamshika Mkubwa mkono.

"Lifute neno hilo. Sasa hivi."

Akaunyofoa mkono wake. "Na wewe nshakujua."

Mzee Mwalim akaweka kikombe chini, akatafuta makubadhi yake. "Tumeyasikia majibu," akasema, wakatoka.

Baada ya hapo Mkubwa alikwenda mpirani kumpeleleza golikipa. Muhiddin Simai alikuwa golini, anadaka. Ng'ambo ya kiwanja kulikuwa na mkutano, na kipaza sauti kikamtangaza Muhiddin Simai, naye akaanza kutukana. Mkubwa akaketi chini kwenye majani.

Akanituma Makunduchi nikaombe radhi. Nilikwenda kwa ajili ya Kidawa, aliyekuwa hali wala hanywi. Mzee Mwalim alinikaribisha vizuri, akanilisha, kisha akanambia Muhiddin amekwisha kuozwa Mize, binti wa Paje. Baba yake Mize aliuliza jambo moja tu: "Anasali?"

Hesabu yake ni hii. Kidawa yuko nyumbani, hajaposwa tena. Watu wanasema ukienda kwa Mkubwa uende na msahafu wako. Dada yangu alihamia kwangu Mpendae na hajarudi. Watu wa Kusini waliokuwa wakimletea usumba sasa wanaushusha duka jingine. Na mimi, niliyekuwa nikimwambia kweli, sipiti kwake.