Asali Kwenye Bahari ya Asmahani

Nafasi ya kwenda Dodoma kwenye mashindano ya sayansi ya taifa ilikuwa moja tu, na shule zote za Tabora zilikuwa zimeitolea macho. Asmahani wa kidato cha tatu, ambaye hajawahi kuiona bahari, alikuwa ameileta ukumbini ndani ya sanduku la kioo.

Ndani mlikuwa na maji ya chumvi. Akaning'iniza mfuko wa barafu upande mmoja, akadondosha wino wa bluu hapo hapo. Wino ukapoa, ukazama, ukatambaa chini hadi upande wa pili.

"Bahari kuu nazo huzunguka hivi," aliwaambia majaji. "Kule kaskazini maji ya baridi yenye chumvi ni mazito, yanazama, na ya joto yanakuja kushika nafasi. Lakini barafu ya nchi kavu ikiyeyuka, maji yasiyo na chumvi yatatanda juu kama mfuniko, na mzunguko utadhoofika. Tazameni."

Akachukua jagi la maji yasiyo na chumvi aliloliandaa, akayamimina taratibu juu ya kijiko. Hayakutanda. Yalizama moja kwa moja, na wino ukaendelea na safari zake. Nyuma mtu akacheka. Asmahani akachovya kidole kwenye jagi, akalamba. Asali!

"Shangazi!"

Shangazi Tatu, aliyekaa mstari wa mbele na mtandio wake mpya, hakubabaika. "Si jagi la kunywa majaji hili? Wageni wametoka mbali, mwanangu, niwawekee maji matupu? Tabora hii tuna uhaba wa asali?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji mkuu, Mwalimu Theodora, akatazama saa. "Dakika mbili, binti."

Hasira ilimpanda Asmahani, lakini akili ikaiwahi. "Mmeona wenyewe!" alisema. "Asali imeyafanya maji kuwa mazito kuliko ya chumvi, ndiyo maana yamezama. Sasa tujaribu mepesi."

Akakimbilia bombani, akarudi na kikombe, akamimina tena juu ya kijiko. Safari hii maji yakatanda. Akadondosha wino. Ukabaki juu, haushuki ng'o.

Mwalimu Theodora akainama hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Na bahari yenyewe itafika hapo lini?"

"Hakuna anayejua kwa hakika, mwalimu. Wanasayansi bado wanabishana. Nami nataka niende nikabishane nao."

Jioni lilisomwa jina moja. Vigelegele vya Shangazi Tatu vilimeza jina la baba na la babu. Asmahani alikuwa amepania kumgombeza. Akajikuta amemrukia shingoni, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Nimeshinda, shangazi!"

"Tumeshinda," shangazi alimsahihisha, bila haya hata chembe.