Moto wa Pembeni

Mackrine alitia mkono katikati ya jani, akaungua.

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwa mama yake, Nyaishozi. Ebitoke, zile ndizi za kupika, vilikuwa vimeepuliwa punde tu na kumwagwa juu ya jani la mgomba pamoja na maharage, na mvuke ulikuwa bado unapanda na kuitia miwani ya Mackrine ukungu. Benadeta, jirani aliyekuja kula nao baada ya ibada, alicheka mpaka akapaliwa. Auleria, mama mwenye nyumba, hakucheka. Alimtazama binti yake wa miaka thelathini na sita akipuliza vidole, akatikisa kichwa.

"Huko mjini wamekusahaulisha hata kula? Anza pembeni, mwanangu. Moto unakaa katikati."

Mackrine alimega pande dogo la ukingoni, akalitia kinywani, halafu akaacha kutafuna.

Moto unakaa katikati. Maneno hayo aliwahi kuyasema yeye mwenyewe, kwa sauti hiyohiyo isiyo na shaka, miaka miwili iliyopita, kwenye maabara jijini Dar es Salaam. Fundi wake, Yustus, alikuwa ameinama juu ya beseni la jeli, waya mkononi, akauliza waulaze wapi. Naye akajibu huku akitafuta kalamu yake: "Katikati. Ndiko kwenye moto."

Waya huo ulikuwa kazi yake ya miaka sita. Daktari anayetibu moyo bila kupasua kifua hutanguliza waya mwembamba kwenye mshipa wa paja, akausukuma taratibu hadi moyoni, kisha mrija hufuata njia ya waya. Kwa kawaida huiona njia hiyo kwa eksirei. Lakini eksirei zikirudiwarudiwa si jambo jema kwa mwili wa mtoto, na mtoto mwenye moyo mbovu hurudi hospitali kila mara. Mashine ya MRI haina mionzi hiyo. Ina sumaku na mawimbi ya redio. Tatizo ni kwamba waya mrefu wa chuma ukiingia kwenye mawimbi hayo hugeuka antena, na ncha yake hupata moto ikiwa ndani ya moyo wa mtu. Kwa hiyo Mackrine aliutengeneza wa kwake kwa nyuzi za kioo na vipande vifupi vya chuma, kila kimoja kifupi kuliko kidole, na kati ya kipande na kipande akatia gundi isiyopitisha umeme. Gundi ikishika, hakuna antena. Gundi ikiachia, chuma kikagusana na chuma, antena imerudi. Wakaujaribu ndani ya jeli, kwenye beseni lenye umbo la kiwiliwili cha mtu, mara arobaini, na mara zote arobaini kipimajoto hakikusogea. Mackrine akatia sahihi.

Kesho saa tatu asubuhi, waya huo ungeingia kwa mara ya kwanza mwilini mwa mtu. Mtu huyo aliitwa Kemirembe, msichana wa miaka tisa kutoka Isingiro, kule Kyerwa.

"Mbona huli?" Auleria aliuliza.

"Nakula, mama."

Hakuwa anakula. Alikuwa akiona ukuta wa maabara na picha ambayo mtaalamu mgeni aliwahi kuionyesha, miezi mingi baada ya majaribio yao kumalizika. Picha ya beseni lilelile la jeli, jinsi mawimbi ya redio yanavyolipiga: katikati peupe, pasipo na joto, kingo zimeiva kwa rangi nyekundu ya moto. Yule mgeni alieleza kwa dakika mbili tatu hivi. Mackrine alikuwa amekaa mstari wa mbele, akaitazama, akaisifu moyoni kwa uzuri wa rangi zake. Haikumjia kabisa kwamba ilikuwa inamhusu. Mtu aliyekula kwenye jani tangu anatambaa hahitaji picha ya kumwambia moto uko wapi.

Kisha akakumbuka jambo baya zaidi, akasimama, akaenda kunawa ingawa chakula hakikuwa kimeisha. Kuna siku Yustus aliulaza waya wa kawaida, chuma kitupu, mahali palepale katikati, ili walinganishe. Ule ulipaswa kuchemka. Joto lake lilipanda nusu nyuzi tu. Yustus akakuna kichwa, na Mackrine akaandika kwenye daftari: kipimajoto kina hitilafu. Walibadilisha kipimajoto, wakaendelea, hawakuurudia tena waya wa kawaida. Hata waya wa kufungia mbuzi ungefaulu pale.

Asubuhi hiyohiyo kanisani mchungaji alikuwa amemsimamisha mbele ya usharika mzima. Binti yetu, alisema, ametengeneza kitu cha kuingia moyoni mwa mtoto bila kumuumiza. Wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na Auleria, aliyekuwa na kitambaa kipya kichwani, alitazama mbele bila kugeuka huku na huku ili watu wote wamwone jinsi asivyojivuna. Mackrine aliona aibu, lakini aibu ile tamu. Sasa utamu ulikuwa umetoka.

Alichukua simu, akapanda hadi barabarani ambako mtandao ulikuwa mzuri. Akatafuta jina la Profesa Noela, mkuu wa mradi, akalitazama mpaka kioo kikazima. Amwambie nini? Kwamba waya ni mbovu? Hakujua kama ni mbovu. Pengine gundi imeshika vizuri kuliko ndoa za watu. Pengine mtoto ataingia kwenye mashine, atatoka, atakula uji. Na kupima upya kusingewezekana: mashine ilikuwa moja, ilijaa wagonjwa mpaka jioni, na asubuhi ilikuwa ya Kemirembe. Alirudi nyumbani. Baada ya dakika kumi akapanda tena barabarani. Mara ya tatu, wanaume waliokuwa wakipiga soga kando ya duka walimuuliza kama amepoteza kitu.

"Natafuta mtandao," alisema.

"Mtandao umejaa tele, mhandisi!"

Akapanda bodaboda ya kwanza iliyopita, akamwambia dereva waende Isingiro. Alitaka kumwona Nestory, baba yake Kemirembe, aliyebaki na kahawa na ng'ombe wakati mke wake Prudensia yuko Dar na mtoto. Atamweleza uso kwa uso. Atamwambia, shemeji, kuna jambo. Upepo ulimpiga, vumbi likamwingia kinywani, na kila kilima walichopanda maneno yake yalizidi kupungua. Ukiambiwa na mtengenezaji kwamba huenda chombo chake kikaunguza moyo wa mwanao, utasubiri asubuhi vipi? Utamshika mtengenezaji mahali gani? Hawakufika hata nusu ya njia. Akamgusa dereva begani, akamwomba ageuze.

"Umesahau kitu, dada?"

"Ndiyo."

Dereva aligeuza bila kuuliza zaidi, maana nauli ni ileile.

Auleria alikuwa uani akichambua maharage. Alimwona binti yake akiingia na vumbi mpaka kwenye nyusi, akasogeza ungo kumpa nafasi. Mackrine hakukaa. Alisema akiwa amesimama, haraka haraka, akirukaruka kama mtu anayekanyaga siafu: beseni, katikati, picha yenye rangi nyekundu, daftari. Mama yake aliacha kuchambua. Hakuelewa yote, lakini lililohitajika alilielewa.

"Kwa hiyo waya unaunguza?"

"Sijui, mama. Tulichopima hakikupima kitu."

"Hujui." Auleria aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa mbali. "Mimi ndiye niliyemleta Prudensia kwako. Nilimwambia, mtoto wako ameshalala chini ya zile mashine za mionzi mara nne, mwanangu ana njia nyingine. Nilimwambia mbele ya kina mama wenzangu. Sasa nimwambie mwanangu hajui?"

"Mama, si wewe wa kumwambia."

"Wewe mwenyewe umesema huenda ni mzima. Basi kwa nini umtie mwenzako hofu kwa kitu usichokijua? Madaktari wapo. Wataona. Vua viatu hivyo, unanimwagia vumbi."

Kilichomuuma Mackrine ni kwamba alifarijika. Alivua viatu, akakaa, akachambua maharage pamoja na mama yake mpaka giza likaingia, na kwa muda wote huo alijiambia madaktari wapo. Wakati daktari angeona lolote, ncha ingekuwa tayari imeshakaa moyoni, na mtoto aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hasemi kwamba inachoma. Hilo alilijua alipokuwa akiokota kila jiwe. Usiku hakulala. Kila alipofumba macho alimwona Prudensia kwenye benchi la nyumbani kwake, Isingiro, siku alipokwenda kumweleza habari za mradi: alimpa waya aushike, na yule mama akaupitisha kwenye kiganja mara mbili, akaupeleka shavuni, akasema ni wa baridi.

Saa moja asubuhi alikuwa barabarani, kanga ya mama yake mabegani. Safari hii hakulitazama jina. Alipiga.

"Mackrine! Ndiyo kwanza navaa koti," alisema Profesa Noela. "Tuko vizuri."

"Shikamoo, Profesa. Naomba usimamishe."

Upande wa pili kulikuwa na sauti za vitanda vya magurudumu. Zikapungua, Profesa alikuwa ameingia mahali na kufunga mlango. "Sema."

Alisema. Alishangaa jinsi habari yote ilivyokuwa fupi.

"Una namba?" Profesa aliuliza. "Nyuzi joto ngapi, ukingoni?"

"Sina namba. Mara zote arobaini tuliulaza pasipo na moto."

"Na waya wa kawaida? Mlilinganisha. Niliona kwenye ripoti."

"Nusu nyuzi. Niliandika kipimajoto kina hitilafu. Hakikuwa na hitilafu."

Sauti ya Profesa ilikuwa imechoka, kama vile siku imekwisha kabla haijaanza. "Kamati ya maadili itataka maelezo. Ruhusa hii hatutaipata tena mwaka huu, na sijui kama wewe utabaki kwenye mradi. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria tangu jana. Ndiyo maana nimechelewa kukupigia."

"Nasimamisha," alisema Profesa. "Ila mama wa mtoto utamwambia wewe. Yuko hapa koridoni. Nampa simu."

Mackrine hakupata nafasi ya kujiandaa. Alisikia viatu, mlango, kisha sauti aliyoifahamu, ya chini, yenye lafudhi ya nyumbani.

"Dada Mackrine? Za huko? Mbona Profesa uso umembadilika, kuna nini?"

"Prudensia, leo hawatamfanyia Kemirembe. Nimewaomba wasimfanyie. Ni ule waya."

"Ile waya uliyonishikisha?"

"Huohuo."

"Imeharibika?"

"Sijui. Nilikuambia najua kwamba hautamwunguza. Sikuwa najua. Nilipima vibaya, na kosa ni langu, si la daktari wala la mtu mwingine."

Prudensia alivuta pumzi. Kina mama wawili walipita barabarani na mikungu kichwani, wakamsalimia Mackrine, naye akawaitikia kwa mkono tu.

"Umejua lini?" Prudensia aliuliza.

Angeweza kusema sasa hivi. Angeweza kusema alfajiri. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa mama yake, na mama yake asingesema.

"Jana mchana."

"Jana mchana."

"Ndiyo."

"Waitu, ndugu yangu," Prudensia alisema, polepole, si kwa ukali. "Jana mchana mtoto alikuwa anacheza na wenzake wodini. Jioni wakaniambia asile, asinywe. Nikafuata. Usiku akaniomba maji, nikamwambia vumilia mwanangu, kesho utapona. Saa kumi akaniomba tena. Midomo imemkauka, akaniuliza, mama, kwani nimekukosea nini? Nikageukia ukutani ili asinione nalia. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua," alisema Mackrine. "Nisamehe. Niliogopa."

Prudensia hakukata simu. Aliiweka juu ya kitu kigumu, na sauti zikawa mbali lakini safi: kiti kikivutwa, mfuko wa nailoni ukifunguliwa, kifuniko cha chupa kikizungushwa. Kisha sauti ndogo, nzito kwa usingizi.

"Mama, daktari amesema naruhusiwa?"

"Kunywa."

"Yote?"

"Kunywa, mwanangu."

Mackrine aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Mtoto alikunywa kwa pupa, funda kubwa baada ya funda, akaacha kidogo avute pumzi, akaendelea. Pikipiki ilipita nyuma ya Mackrine ikipiga honi, naye akainama kando ya barabara ili asipitwe hata na funda moja.