Ukuta Unapasukia kwa Jodie

Kila kiangazi, kwenye uwanja wa jumba la kale nje kidogo ya mji wa Skipton, Warumi hufa kwanza. Ndivyo onyesho la vita vya kale lilivyopangwa. Kila zama huja kuziua zile zilizotangulia. Waviking huwaua Warumi, Wanormani huja na farasi wakawaua Waviking, kisha huingia watu wa bunduki za baruti na kofia pana, kisha askari wa makoti mekundu na mizinga yao. Mwisho kabisa huja askari wa Vita vya Pili na gari lao la deraya, moshi na bendera, na watazamaji wote husimama kupiga makofi. Ukiwa Mrumi, makofi hayo unayasikia umelala kifudifudi, nyasi puani, deraya imekukaba kwapani, karibu saa nzima, na mvua ya Yorkshire haijali kama umeshakufa.

Hilo Jodie Raistrick hakulilalamikia. Alijua kwamba ukijiunga na Warumi umejiunga na marehemu. Kanzu yake ya sufu aliishona mwenyewe kwa mkono, jioni akitoka kazini kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee. Misumari ya viatu vyake aliigonga mwenyewe, amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mtu anajenga. Kufa hakukumsumbua. Kilichomkaa rohoni ni namna ya kufa.

Maana ukuta wa ngao haufi hivi hivi. Ngao zikishikana, bega kwa bega, hata fahali hapiti. Ili Waviking wapite, lazima mtu mmoja aanguke kwanza awafungulie mlango. Na mtu huyo, kila mwaka, alikuwa Jodie, mwanamke pekee katika mstari. Filimbi ikilia anajitupa chali, ngao inamfunika, Waviking wanaruka juu yake wakipiga mayowe. Na Rupert Lyle, mwenye onyesho lake na kipaza sauti chake, husema maneno yaleyale kila mwaka, kwa sauti ya mtu anayejipenda akisema: "Na ukuta umepasukia wapi, mabibi na mabwana? Kwa bibie, kwingine wapi!" Uwanja mzima unacheka.

Maiti hajibu. Maiti hata kujikuna haruhusiwi.

Kiangazi kilichopita aliangukia karibu na kamba ya watazamaji, akamsikia baba mmoja akimweleza bintiye, kwa upole kabisa, huku anatafuna chipsi: "Umeona, mwanangu? Ndiyo sababu wanawake hawakuwa askari."

"Ahaa," mtoto akasema.

Hiyo ahaa ndiyo iliyomwingia Jodie. Afadhali yule mtoto angebisha, au angeuliza kwa nini. Alisema ahaa tu, kama mtu aliyeambiwa kwamba maji hulowesha. Jodie akabaki pale chini, mdudu anapanda jani la nyasi mbele ya jicho lake, masikio yanawaka moto ndani ya helmeti, na hana ruhusa hata ya kugeuza shingo amtazame huyo mwalimu.

Basi baridi ilipoingia, kwenye mkutano wa kikosi katika chumba cha nyuma cha baa, alisema. Si mtu wa kusema Jodie, ni mtu wa kutazama. Wengine wakibishana yeye hukunja mikono akawaangalia mmoja mmoja mpaka wamalize. Siku hiyo hakungoja wamalize.

"Kiangazi kijacho ukuta upasukie kwa mwingine," alisema. "Sikatai kufa. Nakataa kufa wa kwanza."

Hakuna aliyepinga. Desmond Akeroyd, dereva wa basi mstaafu aliyekuwa akida wao, alisema ni haki kabisa. Na Clive Tordoff, mwezeka mapaa, anayesimama kulia kwa Jodie, akainua glasi yake. "Nitaanguka mimi. Nimeshaanguka kwenye mapaa ya nusu ya mji huu, nyasi zitanishinda?" Wakacheka, ikapita.

Jodie alimfundisha Clive majira yote ya baridi, kwenye magodoro ya zamani katika ukumbi wa kanisa. Kidevu kifuani, kiwiko ndani, ngao ifunike uso kabla mgongo haujagusa chini. Mwanzoni Clive alianguka kama kabati. Kufikia Pasaka alikuwa anaanguka kama binadamu, na Jodie akaridhika naye, akalala usingizi.

Sasa ndiyo asubuhi ya onyesho. Moshi wa bekoni umetanda nyuma ya mahema, Wanormani wanapiga farasi brashi, mtu wa makoti mekundu anatafuta chaja ya simu. Clive akaja na mkate wa bekoni mkononi, anatazama kila kitu isipokuwa uso wa Jodie.

"Jodie, kipenzi. Lile jambo letu."

"Jambo gani?"

"La kuanguka. Mkwe wangu amekuja. Amekuja na wenzake wa raga."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wataniona."

"Ni onyesho, Clive. Watu hulipa kiingilio ili waone."

"Kufa nitakufa, sijakataa. Lakini wa kwanza? Watanitania mpaka Krismasi."

"Mimi nimetaniwa miaka mitano."

"Wewe ni tofauti."

"Tofauti vipi?"

Clive akautazama mkate wake kana kwamba jibu limefichwa chini ya bekoni. Kisha akauma kipande kikubwa, na mtu mwenye mdomo umejaa hawezi kujibu.

Jodie akapita mstari mzima, mmoja baada ya mwingine. Huyu alisema mgongo. Mgongo wenyewe jana yake ulikuwa umebeba kreti za bia kutoka garini hadi hemani, na Jodie alikuwepo, aliona. Yule alisema helmeti yake mpya, ikibonyea atalia. Wa tatu alisema hajui kuanguka. Mtu mzima, ana wajukuu, hajui kuanguka. Wa nne alicheka tu akampiga bega, "Wewe ndiye mtaalamu wetu, Jodie," akaendelea kufunga kamba za viatu.

Akaenda kwa Desmond. Alikuwa mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa kwenye nguzo ya hema, akinyoosha kishungi chekundu cha helmeti yake ya uakida.

"Des, Clive amegeuka."

"Nimesikia, binti yangu."

"Mwamrishe basi."

"Nitamwamrishaje mtu mzima aanguke? Akivunjika bega? Unamkumbuka Keith, tulivyomkimbiza hospitali? Wewe unaanguka vizuri kuliko sisi sote."

"Clive nimemfundisha. Anaweza."

"Anaweza, ila hataki."

"Na mimi sitaki."

Desmond akageuka, akamtazama kwa huruma ya kweli, na hiyo huruma ndiyo iliyokuwa mbaya. "Lakini wewe ni mvumilivu," alisema.

Alilisema kama sifa. Jodie alisimama pale na ile sifa, hajui aishike wapi. Kumbe miaka yote hii, alipokuwa amenyamaza akiwatazama, wao walikuwa wanahesabu kunyamaza kwake kama mali ya kikosi, kama hema, kama sufuria la chai. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, husema watu. Hawa walikuwa wamemnyonga na haki yake wakaila na bekoni.

Mara Rupert Lyle akapita na kizibao chake cha njano cha kung'aa, kipaza sauti kimechomekwa mkandani. "Warumi wangu wapendwa, mambo ni yaleyale? Kwa bibie?"

"Yaleyale," alisema Desmond, akirudi kwenye kioo.

Mchana wakaingia uwanjani. Watu walikuwa wengi, viti vya kukunja, mbwa, watoto mabegani. Mstari ukajipanga, ngao zikagusana, Jodie katikati, Clive kulia kwake. Waviking wakatoka kwenye miti wakinguruma, mbele yao Gaz Holroyd, fundi bomba wa Keighley, ndevu hadi kifuani. Ngao yake ikagonga ya Jodie, kama kila mwaka, na nyuma ya ngao, kama kila mwaka, wakasalimiana.

"Hujambo, Jodie," alisema Gaz, kisha akatoa yowe la kutisha kwa ajili ya watazamaji.

"Sijambo, Gaz. Mama yako?"

"Goti tu linamsumbua." Yowe jingine. Panga butu zikagongana juu ya vichwa vyao. Kisha filimbi ikalia.

"Haya, mpenzi. Lala."

"Silali."

"Filimbi imelia."

"Nimeisikia."

Gaz akachungulia juu ya ngao, kutazama kama ni utani. "Nikusukume?"

"Sukuma."

Akasukuma, mwanzoni kwa adabu, kisha kwa nguvu. Misumari ya viatu vya Jodie ikazama kwenye udongo. Nyuma ya Gaz wenzake nao wakasukuma, na ukuta ukafanya kile ambacho ukuta wa ngao ulibuniwa kufanya: ukakaa.

"Jodie, unafanya nini?" alinong'ona Clive.

"Nasimama. Ukichoka, anguka wewe."

Clive hakuanguka. Hakuna aliyeanguka. Hapo ndipo hasira ilipompanda Jodie mpaka akaonja chuma mdomoni. Mstari mzima ulijua kwamba kinachotakiwa ni mtu mmoja tu alale, yeyote, na onyesho liendelee. Na mstari mzima, wanaume wazima waliojivika deraya, walikuwa wamesimama wanamngoja yeye.

"Anguka, Jodie," sauti ya Desmond ilitoka nyuma. "Ni amri."

"Amri wape na wengine, akida."

Filimbi ikalia tena, ndefu, ya kukasirika. Kwenye spika Rupert alikuwa anababaika: "Na ukuta... naam, ukuta bado... Waviking wanakusanya nguvu, mabibi na mabwana..." Watu waliokuwa wanakula wakaacha kula. Mtu mmoja akapaza sauti, "Kazeni, Warumi!" na wengine wakaitikia.

"Dada yangu," alisema Gaz, anahema, "mimi nina pumu. Na farasi wanatoka sasa hivi."

"Pumzika kidogo."

Gaz akaegemea ngao yake juu ya ngao ya Jodie, na Jodie akamwachia aegemee. Wakakaa hivyo, adui na adui, kama majirani wawili kwenye ua, mpaka pumzi ikamrudia.

Farasi wakatoka kweli. Walitarajia uwanja wa maiti na Waviking waliotawanyika. Wakakuta ukuta wa ngao mzima na kundi la watu limebanana mbele yake. Farasi wa kwanza akasimama, akageuka ubavu, akainua mkia akajisaidia mbele ya familia zote za Skipton. Watu wakaangua kicheko. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, kicheko hakikuwa juu ya Jodie.

Rupert akaja mbio uwanjani, kipaza sauti amekizima. "Nani? Nani anaharibu?"

Wanaume wakatazama viatu vyao.

"Mimi," alisema Jodie.

"Bibie, kuna watu nusu uwanja wanasubiri zamu yao ya kufa."

"Aanguke mwingine, basi. Clive anajua. Nimemfundisha mwenyewe."

Rupert akamtazama Clive. Clive akatazama upande wa watazamaji, walipokaa watu wa raga. "Mgongo," alisema.

"Sawa," alisema Rupert. "Basi bibie atoke uwanjani."

"Nikitoka, nani ataanguka kwanza?"

"Hakuna haja. Ukitoka, pengo litakuwepo lenyewe."

Hilo Jodie hakuwa amelifikiria. Akageuka kwa Desmond. Neno moja tu lingetosha, na Desmond alikuwa nalo, kwa sababu mdomo wake ulifunguka. Kisha mkono wake ukapanda ukakaza ugwe wa kidevuni. "Nenda tu, binti yangu. Tutaongea jioni."

Jodie akainua ngao yake, akatoka mstarini. Hakukimbia. Alivuka uwanja mbele ya watu wote kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani. Nyuma yake filimbi ikalia, mayowe yakapanda, na akasikia deraya zikianguka kama masufuria yanayoporomoka kutoka rafuni. Sasa walianguka wote, upesi, kwa moyo mmoja. Mgongo haukumzuia mtu, wala helmeti mpya, wala mkwe. "Na ukuta umepasuka!" spika ikatangaza. Umepasukia kwa nani, safari hii haikusema.

Nje ya lango, askari wa Vita vya Pili walikuwa wamekaa juu ya magunia ya mchanga wakinywa chai. Mmoja wao, mzito, masharubu yamelowa chai, akamtazama juu hadi chini.

"Nyinyi si mmeshakufa?"

"Wao wameshakufa," alisema Jodie. "Mimi bado."

Yule bwana akasogea ampe nafasi kwenye gunia, lakini Jodie alimshukuru akapita. Alizunguka kwenye njia ya umma, katikati ya vigari vya watoto na foleni ya soseji, mpaka kwenye kamba ya mbele. Miaka mitano hakuwahi kuliona onyesho hili kutoka upande huu, wala kutoka upande wowote ule isipokuwa chini. Akasimama hapo na deraya yake na helmeti yake, ngao kubwa nyekundu mbele ya miguu, akawatazama wenzake walivyolala kwenye nyasi, na mvua ikaanza kuwashukia.

"Samahani, dada," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake, kwenye viti vya kukunja. "Unatuziba. Hatuoni."

Jodie alimsikia vizuri. Hakusogea.